Hatua za Bi. Zuwena

"Bi. Zuwena, jana ulinikimbiza mpaka relini, leo unajikokota kama bibi harusi! Kaza mwendo, shoga yangu!"

Hivyo ndivyo tabibu-mkono, bangili ya wagonjwa wa sukari, ilivyomsemesha mvaaji wake saa tatu asubuhi, katika mtaa wa Machinjioni, Tabora. Mvaaji akakaza mwendo. Mtaani hakuna aliyegeuka kutazama, maana bangili zile zilikuwa zikisema na watu kutwa nzima.

Tabibu-mkono ilipima sukari ya damu kwa mwanga uliopenya ngozi, ikahesabu hatua, na kidogo kidogo ikajifunza tabia za mtu mpaka ikajua huyu anataka kubembelezwa, yule anataka kutaniwa. Sukari ikipanda, iliamuru kiraka-dawa kilichobandikwa tumboni mwa mgonjwa kisukume insulini. Ikishuka mno, ilipiga king'ora. Hapo Machinjioni, ambapo watu walizaliwa na kuzeeka bila kuona mlango wa zahanati, bangili hiyo ndiyo ilikuwa daktari.

Bangili zenyewe hazikutosha. Ndiyo maana Mhandisi Nyamizi Kapalata, aliyesimamia Mpango wa kuzigawa, aliandika kanuni ya hatua: mgonjwa asiyetimiza hatua elfu nne kwa siku saba mfululizo, nafasi yake apewe anayefuata kwenye foleni. Aliiona ni kanuni ya haki. Mvivu ampishe mwenye nia, basi.

Asubuhi hiyo Nyamizi alikuwa na furaha zake. Alikuja na cheti cha mgonjwa bora wa mtaa, Bi. Zuwena, mwenye hatua elfu nane kila siku na asiyekosa hata siku moja. Kwenye kioo-kazi chake, kile kibao chembamba alichotembea nacho, nukta ya Bi. Zuwena ilikuwa ikienda kasi kando ya reli. Nyamizi akaamua amsubiri nyumbani kwake.

"Hodi wenyewe!"

Hakuna aliyeitika. Akasikia mtu akiguna ndani.

Akasukuma mlango. Juu ya mkeka alilala mama wa miaka sitini hivi, amejitanda nguo nyeupe, jasho likimtiririka kana kwamba kamwagiwa maji. Nyamizi alimjua, kwa kuwa mwaka juzi alimvalisha bangili kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mkono ule ulikuwa mtupu.

"Bi. Zuwena! Shikamoo... Mama, bangili iko wapi?"

"Mume wangu karudi?" Bi. Zuwena akauliza kwa ulimi mzito. "Mwambie chai tayari."

Ile nguo nyeupe ikamjibu Nyamizi kila kitu. Mama wa watu alikuwa edani! Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje ila kwa dharura. Kanuni yake yeye ilitoa siku saba.

Kumbe Bi. Zuwena alikuwa ndani na alikuwa relini. Nyamizi akatazama kioo-kazi. Sukari ya huyo wa relini ilikuwa kumi na tisa, juu mno, na kiraka-dawa kilikuwa kimeamriwa kusukuma insulini mara mbili tangu alfajiri. Kilisukuma kweli, ila tumboni mwa huyu aliyelala hapa, mtu ambaye sukari yake haikuwa imepanda hata kidogo! Na king'ora kingelia vipi, wakati bangili ilikuwa kwenye mkono mwingine?

Akakibandua kiraka kwa nguvu. Insulini iliyokwisha kuingia ilikuwa imeingia, nayo ilizidi kuishusha sukari. Sasa ilitakiwa sukari, na upesi.

Akapekua jikoni. Chumvi, majani ya chai, unga. Akatoka barazani akapiga kelele: "Jamani, sukari! Kijiko kimoja tu!"

"Sukari?" mama mmoja wa nyumba ya mbele akashangaa. "Wewe Injinia si ndiye uliyetuambia tuimwage?"

Lo! Kweli ndiye. Mtaa mzima ulimtii, hata duka la kona lilikwisha kuacha kuuza soda. Nyamizi akarudi ndani mbio. Macho ya Bi. Zuwena yalikuwa yameanza kupinduka. Akaiita bangili kwa kioo-kazi.

"Nani amevaa tabibu-mkono hii?"

Sauti inayohema ikajibu: "Ni mimi, mwanangu... Bi. Zuwena."

"Bi. Zuwena yuko mikononi mwangu anazimika! Wewe ni nani?"

"Yallah! Mimi Mama Mrisho, jirani yake. Nakuja!"

"Una sukari nyumbani?"

"Asali ninayo," Mama Mrisho akasema kwa aibu. "Chini ya kitanda, kwenye dumu. Mlango wa pili, uko wazi. Msinicheke."

Nani angecheka? Nyamizi alirudi na dumu akatumbukiza kidole, akampaka Bi. Zuwena asali kwenye ufizi, akapaka tena, akiomba dua alizokuwa hajazisoma tangu utotoni. Dakika zikapita. Kisha ulimi ukasogea. Kisha akameza kijiko kimoja, na baada ya muda Bi. Zuwena akauliza kwa sauti yake ya siku zote nani huyu anayemlisha asali kama mtoto mchanga. Nyamizi akaangua kilio.

Mama Mrisho aliingia anatweta, akaenda moja kwa moja kwenye kata ya maji. Akanywa, akachota tena, akanywa. Nyamizi akamtazama, machozi yakamkauka. Ile kumi na tisa ilikuwa ya huyu.

"Mama, kiu hii imekuanza lini?"

"Tangu nianze kumtembezea mwenzangu. Jua kali, mwanangu. Na usiku siishi kwenda msalani."

"Umejiandikisha kwenye Mpango?"

"Nipo kwenye foleni mwaka wa pili huu. Sasa mimi ndiye wa kwanza kabisa." Akacheka kidogo. "Nikaona nafasi ya mwenzangu isipotee bure."

Kama nafasi ya mwenzake ingepotea, ingekuja kwake. Nyamizi alilijua hilo. Mama Mrisho pia alilijua.

Kioo-kazi kikatoa mlio na kufungua fomu: *Udanganyifu umebainika. Mkosaji ni nani?* Chini yake palikuwa na majina mawili, achague. Nyamizi akayafuta yote mawili, akaandika: *Nyamizi Kapalata, mtunga kanuni.* Akaituma.

Mama Mrisho alikuwa amekaa mkekani, kamshika shoga yake mkono, bangili bado inamulika.

"Injinia," akauliza kwa wasiwasi, "nimerudi kabla sijamaliza. Hatua zake za leo zimetimia?"

"Zimetimia, mama," Nyamizi akasema. Kisha akamwomba mkono, ampime.