Vidole Viwili kwenye Picha ya Chozi

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hufagia uwanja wetu hapa mtaani Mangobo, kisha huosha masufuria ya jana. Zamani nilifagia nikiimba. Lakini Madame Hélène, mwalimu wetu wa darasa la sita, alipotutuma kupiga picha za ndege wanaotua nyumbani kwetu, nikaanza kufagia huku jicho langu liko upande wa jirani, kwa kina Falonne.

Falonne na mimi tunakaa dawati moja. Yeye alipiga picha kwa simu ya baba yake, yenye kioo kilichopasuka. Mimi nilikuwa na simu ya mama, mpya kabisa. Lakini Jumatatu Madame alipozitazama picha zetu, zangu alizipitia harakaharaka. Alipofika kwenye ya Falonne, akasimama. Ilikuwa ya chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akinyonya ua la mgomba.

“Falonne, iko muzuri sana!” akasema. “Bon, mulete zingine siku ya Ijumaa. Moja tutaikuza, tutaiweka kwenye mulango wa darasa pamoja na jina la mwenyewe.”

Darasa likapiga makofi. Mimi nilipiga mawili tu, tena kwa viganja vilivyolegea. Nasema kweli, wivu ulinikaba. Nilitaka jina langu liwe kwenye ule mlango, na zaidi ya hapo nilitaka la Falonne lisiwepo.

Jumanne nilipiga picha arobaini. Ndege wangu alikuwa mdogo kama nzi, kila mara pembeni kabisa, na nyuma yake beseni, kamba ya nguo na gunia la makaa. Picha moja ilikuwa na mkia bila kichwa. Baba yangu, Papa Augustin, ni mpiga picha. Hupiga za harusi na za vitambulisho pale sokoni. Ningeweza kumwuliza. Sikutaka, kwa sababu nilitaka sifa iwe yangu peke yangu. Badala yake nikaanza kumtafutia Falonne kosa, na nikalipata: ule mgomba wa picha yake ulikuwa wetu! Uliota kwetu, ukainamia kwao.

Basi Jumatano asubuhi nikachukua panga, nikalikata lile ua jekundu lililoning'inia chini ya mkungu. Chozi alikuja, akazunguka mara mbili, akaenda zake.

Falonne akatokea na simu yake mkononi. “Priscille! Juu ya nini umekata maua?”

“Ni Papa njo alisema. Ju ndizi zinenepe.”

Uongo wangu nilikuwa nimeuvika nguo nzuri. Kwetu kila mtu hulikata ua la mgomba mkungu ukishakamilika, ili ndizi zinenepe. Falonne akaamini.

“Ah bon,” akasema kwa sauti ndogo. “Basi, haina neno.”

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jioni ileile Papa aliporudi kutoka sokoni, alimkuta Falonne akichota maji kwenye bomba letu.

“Jambo, Papa Augustin,” Falonne akamsalimia. “Ndizi yenu itanenepa sasa, vile ulisema wakate maua.”

“Mimi? Nilisema lini?” Papa akaenda mgombani, akauinua mkungu. “Lakini chane zilikuwa zingali zinatoka! Sasa iko na chane tatu tu. Nani alikata?”

Falonne alikuwa akinitazama.

“Ni mimi, Papa,” nikasema. “Nilikuwa na wivu. Nilitaka Falonne akose ndege.”

Falonne hakunitukana. Alijitwisha ndoo yake, akaenda kwao bila kugeuka. Afadhali angenitukana.

Papa akaninyooshea mkono. “Leta simu.” Akazipitia picha zangu zote arobaini. “Ona. Huyu ndege anaangalia kushoto, na kushoto umemufungia. Mbele ya macho yake acha nafasi, tuone kwenye anaenda. Weye uchuchumae, usimupige toka juu. Na kabla ya kupiga, angalia nyuma yake. Hili beseni linafanya nini kwenye picha?” Akanirudishia simu. “Juu ya nini hukuniuliza?”

Nikaipokea simu, nikaanza kuzifuta picha moja moja.

Alhamisi mapema nilisimama mlangoni kwa kina Falonne. “Unisamehe,” nikamwambia. “Nilikudanganya, na nilikuonea kijicho. Iko mgomba ingine nyuma ya jikoni yetu, na ua lake lingalipo. Kuya kwetu, tupige pamoja.”

Falonne akaniuliza: “Hautakata tena?”

“Sitakata.”

Nyuma ya jikoni kulikuwa na bati lenye kutu na masufuria meusi. Nikachukua kikwembe cha mama, kitenge chake cha buluu, nikasimama nyuma ya mgomba na kukiinua juu kufunika bati na masufuria, mwili wangu wote ukafichika. Mikono iliniuma mpaka nikang'ata midomo. Hatimaye chozi akaja. Falonne akachuchumaa, akangoja ndege ageuke, akapiga. Kisha yeye akashika kikwembe, nami nikachuchumaa. Kwa mara ya kwanza ndege wangu alikuwa na pa kutazama.

Ijumaa Madame alisimama kwenye picha yangu. “Priscille, umeendelea kweli,” akasema. Lakini aliyoichagua ni ya Falonne. Wivu ulinichoma tena, sitaficha, ila safari hii haukunikaba.

“Alors, hapa pembeni tutakata,” Madame akasema. “Kuko vidole viwili vya mutu.”

“Hapana, Madame,” Falonne akasema haraka. “Uviache. Ni vya Priscille. Ni yeye njo alishika kikwembe.”

Nikainama nikijifanya ninafunga kiatu.

Siku ya mkutano wa wazazi Papa aliitazama picha ile mlangoni, vidole na yote. “Ulikata ua ili mwenzako akose,” akaniambia, “na wote tukakosa: yeye ndege, mimi ndizi, weye rafiki. Mwenzako akifanya muzuri, usimukate, mama. Mukaribie, umuulize, ujifunze.”

Ule mkungu tuliuvuna baadaye, na chane zake tatu. Papa alinipa moja nipeleke kwa kina Falonne, nami nikaongeza ya pili.