Mrushaji Anaomba Kupumzika

Mkasa huu ulimpata Paschal Ndassa, fundi simu wa Nyakahura, na wanaomfahamu hawaupambi wanapousimulia. Ulianza siku ya gulio, asubuhi, jua likiwaka na betri ya sola ikijaa vizuri.

Kibanda cha Paschal kiko kando ya barabara, upande wa wauza ndizi. Siku hiyo kazi zilikuwa chache, naye alikuwa amefungua kompyuta aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake Ngara na kurudi kwao. Humo ndani mgeni alikuwa ameacha gemu la besiboli, mchezo ambao Paschal hakuwahi kuuona ukichezwa. Alichoelewa ni kwamba mtu mmoja anarusha mpira na mwingine anausubiri na gongo. Mwenye kompyuta hachezi. Yeye ni meneja. Anapanga nani aanze na nani apumzike, kisha mechi zinajichezea zenyewe. Kulikuwa pia na kitufe cha kuruka msimu mzima. Unakibonyeza, unageuka kufungua simu ya mteja, ukirudi mwaka umekwisha na wachezaji wameongezeka umri.

Timu aliipa jina la Nyakahura. Majina ya Kizungu ya wachezaji aliyaacha, isipokuwa la mrushaji, ambaye ndiye tegemeo la timu. Hilo alilifuta akaandika la rafiki yake Fideli.

Fideli alikuwa mkulima, rika moja na Paschal, wote hawajafika thelathini. Wazazi wake walitoka Burundi wakati wa vita, yeye akazaliwa huku. Kila gulio alileta ndizi kwa baiskeli, akaacha simu yake ichajiwe, na wawili hao wakataniana kuhusu ndimi zao. Fideli alisema karamu akimaanisha kalamu. Paschal, Msukuma, barabara kwake ilikuwa balabala. Alipoonyeshwa jina lake kwenye kioo Fideli alicheka hadi akaketi juu ya ndoo.

"Umeniingiza timu ya wazungu, Paskari, na hata soda hujaninunulia."

"Rusha kwanza, soda baadaye. Na mimi ni Paskali, siyo Paskari."

"Kwani mimi nimesemaje? Paskari."

Paschal aligundua mapema kwamba Fideli akipumzishwa, timu inafungwa. Basi hakumpumzisha. Akawa anaruka misimu, mmoja kati ya simu hii na ile, mingine wakati wa kungoja chai. Vikombe vikaja. Fideli akifika gulioni, Paschal alimweleza alivyowashinda watu wa miji ambayo wote wawili hawakujua iko wapi.

Mvua za kupandia maharage zilipoanza, Fideli alifika akisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto. Alisema amechoka. Akaongeza kwamba usingizi ndio unaomchosha, na hapo hakutania. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeingia mvi.

Msichana muuza karanga alipita, akamwamkia shikamoo babu. Fideli alitazama nyuma kuona ni babu gani. Kisha akaitikia marahaba.

Watu walianza kusema. Sehemu hizo, mtu akikonda huku anakula, husemwa kuna anayemlimisha: anamchukua kitandani, anamfanyisha kazi kwenye shamba lisiloonekana, misimu kwa misimu, halafu anamrudisha kabla hakujapambazuka. Mtu huyo ndiye huitwa msukule. Kanisani walimwombea. Hospitali walimpiga picha ya bega, na daktari akauliza kama amewahi kufanya kazi mgodini, maana bega lile lilikuwa la mzee. Fideli hakuwahi kukanyaga mgodi.

Gulio lililofuata alikuja mkewe, Kaneza. Aliweka simu juu ya meza, akasubiri wateja waondoke, akasogea.

"Shemeji, nikuulize kitu. Akiamka nyayo zake zina chokaa. Nyeupe, kama ile ya kuchorea uwanja. Na sisi nyumbani hatuna chokaa."

Paschal alikuwa ameshika bisibisi. Hakuiweka chini.

"Na usiku kucha anamwomba mtu. Anasema, meneja, nipumzishe." Kaneza alishusha sauti zaidi. "Meneja ni nani, shemeji?"

"Sijui," Paschal alisema.

Alipoondoka, Paschal alifungua gemu. Mrushaji Fideli alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Bega lake lilikuwa limeandikwa bovu. Chini, kwa herufi ndogo, ulikuwapo ujumbe: mchezaji anaomba kupumzika.

Ujumbe huo haukuwa mgeni kwake. Ulitokea kila msimu. Kila msimu aliufunga ili aendelee.

Aliizima kompyuta. Msimu ulikuwa katikati, lakini aliizima hivyo hivyo, akaifunga kwenye kitenge na kuisukuma chini ya meza, nyuma ya maboksi ya chaja mbovu. Usiku huo hakula. Alijiambia kwamba imekwisha.

Kesho yake Kaneza alipiga simu. Hakulia. Alimwambia tu aje shambani.

Fideli alikuwa amesimama katikati ya maharage. Mguu wa kushoto mbele. Mkono wa kulia juu, umekunjwa nyuma ya sikio, vidole viwili vimeshika kitu ambacho hakikuwepo. Alikuwa hivyo tangu alfajiri. Watu wawili walikuwa wamejaribu kuushusha mkono wakashindwa. Mvua ilimnyeshea na hakupepesa macho.

Paschal alimwita. Akamwita tena, kwa utani wao, balabala, karamu.

Midomo ya Fideli ilitikisika. "Nirushe?" alinong'ona. "Meneja, nirushe?"

Paschal alirudi kibandani mbio. Akaitoa kompyuta kwenye kitenge. Ikawaka. Mechi ilikuwa imesimama pale alipoiacha, na kioo kilimwonyesha mtu mdogo mwenye jina la Fideli, mkono juu, akingoja.

Alitafuta mahali pa kumstaafisha. Palikuwepo siku zote, kitufe kimoja tu. Alibonyeza. Gemu likajibu kwamba timu haiwezi kukaa bila mrushaji. Andika jina.

Alijua ni jina gani linastahili. Alijua kabla hajasoma hadi mwisho. Vidole vikaanza kuliandika lake, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye cheti chake cha ubatizo. Vilipofika herufi ya mwisho vikasimama.

Akafuta. Akaandika Paskari. Paskari hakuwa mtu. Lilikuwa kosa la ulimi wa Fideli, jina la utani, sauti tu. Penye jina la ukoo akaacha nafasi tupu.

Akabonyeza, mechi ikaendelea. Hakuizima tena kompyuta.

Simu ikaita. Kaneza alisema Fideli ameshusha mkono. Alisema ameketi chini, anaomba uji.

Fideli alirudi gulioni baada ya mavuno ya maharage. Hakuleta ndizi. Alikuja na fimbo, uso umeingia mikunjo, na watu wa rika lake walisita kidogo kabla ya kumsalimu, wasijue waanze na salamu ipi. Lakini alikuwa analala. Nyayo zilikuwa safi. Aliketi juu ya ile ndoo.

"Nani amechukua namba yangu?"

"Hakuna mtu."

"Kule namba haikai bila mtu, Paskari."

Hakulaumu. Alinyanyuka akaenda zake, na Paschal akatamani angelaumu.

Jioni ile ile dada yake Paschal, Secilia, alipiga simu kutoka Kirushya, alikoolewa. Alikuwa na furaha, maneno yanagongana. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amebatizwa Jumapili. Wa kiume. Walikuwa wameficha jina ili wamshtukize mjomba mtu.

"Tumempa lako, kaka. Ila huku ukweni, kwa akina Fabrice, herufi l hawaiwezi, unawajua. Katekista naye kaandika hivyo hivyo walivyotamka. Tumeliacha, linapendeza. Paskari."

Paschal alipanda pikipiki asubuhi. Kirushya aliwakuta wote wanacheka: shemeji yake Fabrice, mama mkwe wa Secilia, majirani waliokuja kumwona. Akapewa kiti, akapewa mtoto. Alikuwa mzito, mwenye afya, macho maangavu. Ngumi ya kulia aliifumba, vidole viwili vikiwa juu ya vingine.

"Ana nguvu huyo," mama mkwe alisema. "Akiishika khanga yangu, siitoi."

Paschal alifunua blanketi. Mtoto hajaanza kukaa, seuze kusimama. Alizigeuza nyayo zake, moja, kisha nyingine.

Zilikuwa nyeupe.

"Umeona?" Secilia alisema. "Kila siku namwogesha, kila asubuhi hivyo. Wengine wanasema ni utando wa kuzaliwa, lakini si ungekuwa umeisha? Ni nini, kaka?"

Paschal alipitisha dole gumba kwenye unyayo. Ulikuwa wa moto kidogo.

"Sijui," alisema.

Alijaribu yote. Jina halikubali kurekebishwa, maana msimu umeshaanza. Kustaafisha gemu linakataa, linasema mchezaji bado kijana. Kuzima hathubutu, aliona kule kwenye maharage kinachompata aliyeachwa katikati. Kwa hiyo sasa haruki msimu. Kila siku anacheza mechi ya siku hiyo, moja, polepole, ili kule mtoto asiongezeke umri kuliko huku. Anamweka benchi kila gemu linaporuhusu. Linapokataa anamwingiza mwishoni kabisa, arushe mpira mmoja, kisha anamtoa. Nyakahura haijashinda tangu hapo. Ujumbe ule ukitokea, wa kuomba kupumzika, anausoma wote na kuukubali.

Wateja wanamwona mtu mwenye kazi nyingi. Amenunua sola ya pili na ya tatu, na mawingu yakitanda juu ya Nyakahura huacha simu zote na kutoka nje kuangalia mbingu. Hasafiri. Amewahi kuugua homa akabebwa na majirani, akang'ang'ania abebwe pamoja na kompyuta yake.

Kazi yake bado ni nzuri na watu hawajamhama. Wanalalamikia jambo moja tu. Simu ikitoka kwake huwa na alama nyuma, ya dole gumba, nyeupe. Ukiifuta inatoka. Asubuhi ukiigeuza simu, ipo palepale, na wenye watoto wachanga wanasema si ya mtu mzima, ni ya dole la mtoto.