Mtandao wa Marehemu Mumin

Mwenyezi Mungu ameumba wanaoonekana na wasioonekana, na nyumba nyingi huwakaribisha hao wa pili pasipo kujua.

Ruqiya alikuwa katika eda. Mumewe Mumin, mfanyabiashara wa mbuzi hapo Kiamaiko, aligongwa na lori, na simu yake ikasagika mfukoni. Tangu mazishi Ruqiya hakulia. Alipika, akasali, akamsuka bintiye Ilwad, kana kwamba mikono ile ilikuwa ya mtu mwingine.

Alasiri moja Ilwad aliomba kuona picha ya aabo, kama alivyozoea kumwita babake. Ruqiya akaifunua kompyuta ya marehemu. Mumin hakuwa na desturi ya kuizima. Kila jioni aliilaza tu, akaifunika. Ikaamka. Pembeni mwa kioo alama ya mtandao ikawaka, ilhali nyumba ile haikuwa na mtandao wowote. Jina lilisomeka: Simu ya Mumin. Chumba kikanuka kafuri, ile ya kuoshea maiti.

Shire, nduguye marehemu, akamleta Ngigi, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Huruma.

"Mama Ilwad, usijali," alisema Ngigi. "Kompyuta iliyolazwa huhifadhi kila ilichokuwa ikikumbuka. Ikiamka hudhani muda haujapita. Huutafuta mtandao iliouacha, ikabisha hodi. Isipojibiwa, huacha."

"Na ikijibiwa?" Ruqiya aliuliza.

"Basi upande wa pili yuko anayelijua neno la siri. Lakini ile simu niliiona mwenyewe, Bwana Shire aliponiletea. Ilikuwa unga."

"Fundi, umekuja kutengeneza au kututisha?" Shire alinong'ona.

"Bwana Shire, mimi kanisani huonekana Krismasi tu. Jumapili hii nitakaa kiti cha mbele."

Hapo maneno yakajiandika kwenye kioo, herufi moja moja: Ruqiya, mlete Ilwad nizungumze naye.

Ngigi aliondoka bila mkoba wake. Shire akatoka, akarudi na Sheikh Zakariye, aliyeyasoma maneno yale kwa muda mrefu.

"Tumefundishwa kufunga milango kwa jina la Mola, kwani shetani hafungui mlango uliofungwa hivyo," alisema. "Huu haukufungwa, binti yangu. Ulirudishiwa tu. Naye aliyeitikia si mumeo. Ni mpita njia aliyesikia hodi."

"Anamtaka mwanangu, Sheikh."

"Ndiyo. Ufute mtandao huo kwa mkono wako, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeiamsha kompyuta."

Sheikh alianza kusoma Ayatul Kursi, na feni ya kompyuta ikakoroma kama mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, na harufu ya kafuri ikachanganyika na ya udongo uliofukuliwa, na herufi zikamiminika zikibembeleza, kisha zikitukana, kisha zikilirudia jina la Ilwad hadi kioo kizima kikajaa jina hilo, na Ruqiya, ambaye hakuhisi hofu wala huruma, akanyoosha kidole, akaufuta mtandao, akakishikilia kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi.

Kafuri ikatoweka. Sheikh akamhimidi Mola.

Ruqiya akaenda kumtazama mwanawe. Ilwad alikuwa amepanda kigoda kando ya mlango wa roshani, huko ghorofa ya nne, shavu lake likiugusa ubao.

"Ndiyo, aabo," alikuwa akinong'ona. "Mama amekufungia. Lakini komeo hili mimi nalifikia."