Aliyeitikia Namba ya Mwenzake

Kila Jumamosi asubuhi Marnie Haskell aliamshwa na kisu cha Bibi Ivana, mwenyeji wake. Kisu kilikata mkate jikoni, na mlio wake ulifika hadi chumbani. Bibi alikata vipande vinne, akaweka jibini na nyama kavu katikati, akafunga kwa karatasi ya kahawia. Kifurushi kimoja kilikuwa cha Marnie, kingine cha Odette Pruitt, mwenzake wa chumbani.

"Kuleni kwa kutafuna, msimeze kama mabata," Bibi aliwaambia walipoketi mezani. "Treni haiwezi kuondoka bila Mwalimu Ferris, na Mwalimu Ferris hawezi kuondoka bila nyie. Odette, koti?"

"Hili hapa, Bibi."

"Pampu yako ya pumu?"

"Iko kwenye mkoba, mfuko wa mbele."

Maswali hayo mawili yaliulizwa kila Jumamosi, na Marnie aliyasikia kila Jumamosi. Baadaye angetamani sana kuweza kusema kwamba hakujua.

Darasa lao, watoto kumi na wanne wa miaka kumi na tatu, lilitoka Duluth huko Amerika mwezi wa Septemba kuja kusoma Italia hadi Krismasi. Walikaa Florence, wawili wawili, katika nyumba za wenyeji. Siku tano za wiki walisoma hesabu na Kiitaliano kama watoto wengine wote. Jumamosi walipanda treni kwenda kuutazama mji mwingine. Walikuwa wamekwenda Pisa, Lucca na Siena. Leo ilikuwa zamu ya Cortona, mji ulio juu ya kilima. Jumamosi ijayo ingekuwa Venice, na huko wangelala usiku mmoja hotelini, wanne wanne chumbani. Hiyo ndiyo safari waliyoiongelea tangu siku ya kwanza.

Mwalimu Ferris alikuwa mtu mwema, ila macho yake yaliishi daftarini. Kabla ya kupanda treni yoyote alisimama pembeni ya reli, kalamu mkononi, kichwa chini, na watoto wakaita namba zao. "Moja!" "Mbili!" Kila namba aliiwekea alama. Marnie alikuwa namba kumi na moja. Odette, kwa kuwa walilala nyumba moja, alikuwa kumi na mbili.

Sasa, Odette alikuwa na ugonjwa wa kuchora milango. Akiona mlango wa zamani, wenye misumari mikubwa au kitasa cha kichwa cha simba, basi tena; miguu inaganda, kalamu inatoka. Siku ya Pisa alichelewa na namba zikaanza kuitwa. Marnie alimwona kwa mbali anakuja mbio, akamwonea huruma. Aliita, "Kumi na moja!" Kisha akaifanya sauti nyembamba, akaita, "Kumi na mbili!" Mwalimu akaweka alama zote mbili. Odette alifika akitweta, hakugombezwa, akasema, "Ahsante, Marnie." Lucca ikawa hivyo hivyo. Walichekelea mchezo wao, na hakuna aliyeuona isipokuwa mtu mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Brooke Sutter. Brooke alikuwa na marafiki wawili, Kendra na Jody, waliocheka alipocheka na kununa aliponuna. Kule Siena darasa zima lilikosa kuingia mnarani kwa sababu ya Odette na milango yake. Saa waliyopangiwa ilipita wakimtafuta. Tangu siku hiyo Brooke alimwita Konokono, tena mbele yake.

Ndani ya treni ya Cortona, Odette alipokuwa amezama dirishani, Brooke alimvuta Marnie kando.

"We Marnie, umekuja Italia kusoma au kulea? Maana naona umekuwa yaya."

"Yaya wa nani?"

"Acha bwana, unajua. Sikiliza. Chumba cha Venice tuko watatu, tunamtaka wa nne. Tulikuwa tunakufikiria wewe."

Moyo wa Marnie uliruka. Kule Duluth Brooke hakuwahi hata kumsalimu.

"Lakini," Brooke akaendelea, "hatutaki chumba chenye mkia. Wewe na mkia wako mnaweza kulala na Mwalimu Ferris." Kendra na Jody wakacheka mpaka wakainama.

"Si mkia wangu," alisema Marnie.

"Haya. Tutaona."

Kutwa nzima Marnie alitembea na Brooke. Odette alipomwita aje aone mlango mwembamba ambao, kama wanavyosema watu wa huko, ulitengenezwa kwa ajili ya majeneza, alijifanya hakusikia. Aliona uso wa Odette ukibadilika, akageuka upande mwingine.

Alasiri walishuka kituoni, chini ya kilima, mvua nyembamba ikinyesha. Odette alikuwa amevua koti na kulizungushia mkoba wake ili daftari la michoro lisilowe. Alikuja moja kwa moja kwa Marnie, kama vile hakuna lililotokea.

"Nishikie. Nakwenda msalani pale mgahawani, ng'ambo ya barabara. Nakuja sasa hivi."

"Treni inakaribia, Odette."

"Ndiyo maana nakuachia mkoba. Nitakimbia."

Akavuka barabara na fulana yake ya mikono mirefu. Mkobani mlikuwa na simu yake na dawa yake. Tiketi ilikuwa moja ya darasa zima, na aliishika mwalimu.

Taa za treni zikaonekana. Mwalimu Ferris alifungua daftari chini ya mwavuli. "Haya, namba!"

"Moja!" "Mbili!" "Tatu!"

Brooke akamsogelea Marnie sikioni. "Mwitikie. Si ndivyo mnavyofanya siku zote? Treni nyingine ipo baada ya saa moja, haliwi na simba. Akikaa na njaa kidogo atajifunza kuwahi." Akanong'ona tena, "Wa nne wetu ni nani?"

"Tisa!" "Kumi!"

"Kumi na moja," aliita Marnie. Kisha ikatoka, ile sauti nyembamba ya Pisa na Lucca, nyepesi kama ilivyozoea. "Kumi na mbili!"

Kalamu ya mwalimu ikaweka alama.

Milango ilifungwa. Marnie aliketi dirishani na mkoba wa watu mapajani. Treni ilipoanza kusogea alimwona Odette anatoka mgahawani. Hakuweza kukimbia, kwa sababu kila mkono ulikuwa na kikombe cha karatasi, na mvuke ukipanda kutoka kwenye vikombe. Odette alisimama. Alitazama madirisha moja baada ya jingine mpaka akaufikia mkoba wake, na juu ya mkoba akauona uso wa Marnie. Wakatazamana. Treni ikaenda zake.

"Mmeuona mdomo wake?" Brooke alisema, akaachama kama samaki. Kendra na Jody walilia kwa kicheko. Marnie naye alicheka. Hilo hakulazimishwa na mtu; alicheka mwenyewe, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mwalimu Ferris alikuwa mbele ya behewa, amefunika uso kwa gazeti.

Baada ya kituo cha kwanza mkono wa Marnie uligusa kitu kigumu kwenye mfuko wa mbele wa mkoba. Hakuhitaji kufungua.

"Brooke. Dawa yake iko hapa."

"Dawa gani?"

"Ya pumu. Na koti lake. Ngoja nimwambie mwalimu."

"Mwambie." Brooke alikuwa anatafuna peremende. "Mwambie nani aliyeitikia. Mimi? Kendra? Sisi tulikaa kimya, mama. Sauti ni yako, mkoba unao wewe. Utarudishwa Duluth kesho, na mamako atakupokea uwanja wa ndege mbele za watu."

Marnie akabaki kitini. Walipofika Arezzo alijiambia atasema kituo kinachofuata. Kituo kinachofuata kikaja, watu wakashuka, watu wakapanda. Alijiambia labda Odette amekaa ndani, kwenye joto. Alijua kuwa anajidanganya, maana Odette asingekwenda popote. Angekaa pale pale kituoni kusubiri warudi kumchukua.

Florence, mwisho wa jukwaa, Mwalimu Ferris alifungua daftari tena. "Namba, upesi, watu wanawasubiri!"

"Kumi!"

"Kumi na moja," alisema Marnie, kisha akafunga mdomo. Alifikiri kukaa kimya kutatosha. Mwalimu atasikia pengo, atainua kichwa, na yeye hatalazimika kusema neno lolote.

"Kumi na mbili!" iliitwa kwa sauti nyembamba. Alikuwa Brooke.

Kalamu ikaweka alama. "Kumi na tatu!" "Kumi na nne!"

"Vizuri sana," alisema mwalimu, akafunga daftari. "Tutaonana Jumatatu."

"Mwalimu." Marnie alimsogelea. "Kumi na mbili hayupo. Hayupo tangu Cortona. Mimi ndiye niliyeitikia."

Mwalimu Ferris aliwatazama usoni mmoja mmoja, pengine kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Daftari lilimponyoka. Alipopiga simu vidole vyake vilikosea namba mara tatu.

Ng'ambo ya kizuizi Bibi Ivana alikuwa amesimama na miavuli miwili. Alimwona Marnie, akaangalia nyuma yake, akaangalia mkoba ulioviringishwa koti.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza.

Marnie alimwonyesha kwa kidole Mwalimu Ferris, aliyekuwa bado akipiga simu. Walirudi nyumbani kwa miguu, kila mmoja na mwavuli wake.

Habari zilikuja saa mbili usiku. Mama mwenye mgahawa alikuwa anafunga dirisha alipomwona mtoto amejikunja kwenye benchi la kituo, midomo ya bluu, anavuta pumzi zisizoingia. Aliita gari la wagonjwa. Odette alikuwa hospitali ya Arezzo. Yu hai, daktari alisema, lakini dakika chache zaidi zingeleta maneno mengine.

Jumapili Bibi Ivana alivaa viatu vyake vya kanisani, akampeleka Marnie Arezzo. Odette alikuwa ameinuliwa kwa mito, bomba la hewa puani. Marnie aliweka mkoba kitandani. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yakapotea yote.

"Nisamehe," alisema.

Odette alifungua mkoba, akalitoa daftari, akahakikisha kurasa hazijalowa. Alizungumza polepole, akipumzika katikati.

"Kile kikombe cha pili kilikuwa chako. Chokoleti ya moto. Nilidhani umenikasirikia, nikasema nikununulie." Akavuta pumzi. "Nilikaa nacho. Nilijua utamwambia mwalimu, mtarudi. Kikapoa, na bado nimekishika."

"Odette, mimi..."

"Mama anakuja kesho kunichukua. Sitaki kulala chumba kimoja na wewe tena." Kisha akageukia ukutani, na kwa kuwa alikuwa mgonjwa hakuna aliyeweza kumwambia ageuke.

Katika treni ya kurudi Marnie alilia mpaka macho yakavimba. Bibi Ivana alimwacha alie. Hakumpa hata leso.

"Bibi, mimi si mtu mbaya," Marnie alisema mwishowe. "Mwanzo nilikuwa namsaidia. Pisa nilimsaidia, na Lucca."

"Najua. Odette aliniambia, akacheka. Mimi nami nikacheka, nikakosea." Bibi alimgeukia. "Sikiliza, mwanangu. Uongo uliousema Pisa na uliousema Cortona ni ule ule, maneno yale yale, sauti ile ile. Ulijifunza kuusema kwa wema. Siku ulipotakiwa kwa ubaya, ulimi ulikuwa umeshazoea, haukukwama hata kidogo. Alipochelewa Pisa ungesema, 'Hayupo.' Angegombezwa. Na kugombezwa huko kungemfaa kuliko msaada wako. Mtu asipokuwepo, sema hayupo, hata akiwa rafiki yako, hata akikununia. Ndiyo njia pekee ya watu kujua kwamba warudi kumtafuta."

"Atanisamehe?"

"Sijui," alisema Bibi Ivana. "Hilo ni lake, na si la kuulizwa."

Brooke na Marnie hawakwenda Venice; ndiyo adhabu waliyopewa. Kendra na Jody walikwenda. Waliapa kwamba hawakusikia lolote, na waliporudi hawakumsalimu Marnie. Chumba cha wanne kililaliwa na wawili.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi darasa lilikwenda Assisi. Asubuhi Bibi alikata vipande viwili tu vya mkate. Pale kituoni Mwalimu Ferris hakuwa na daftari. Alipita mbele ya kila mtoto, akamshika bega, akamtazama machoni, na mtoto akaita namba yake. Alikuwa ameambiwa awapange upya, kwa kuwa sasa wako kumi na watatu, akakataa.

"Kumi na moja," alisema Marnie.

Mwalimu akasogea hatua moja, akasimama mbele ya nafasi tupu. Treni ilikuwa imeshafika na milango iko wazi, lakini alisubiri.

"Kumi na mbili," aliuliza, "yuko wapi?"

Alimtazama Marnie, naye Marnie akajua kuwa swali ni lake kulijibu.

"Hayupo, Mwalimu," alijibu, kwa sauti yake mwenyewe.