Anayejibu Magharibi

Tende zilikuwa tayari kwenye sahani, adhana ya magharibi imekaribia, na Ramzi bado alikuwa amepiga magoti chini ya meza akifuata waya. Mkewe Rehana, mjamzito wa miezi minane, alikuwa amejilaza chumba cha nyuma cha duka. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii, na Ramzi hakuthubutu kumwacha nyumbani peke yake.

Saiba yao, duka la intaneti pale Machakos mjini, ilikuwa na kompyuta tano. Ile kubwa ndiyo iliyoshika saa. Nyingine nne ziliiuliza saa ngapi kila mara, na jibu lolote zililopewa zililifuata. Zikiachana kidogo tu, mteja anakatwa katikati ya barua pepe, na matusi ya wauza ng'ombe yanasikika hadi stendi.

Taabu ilianza wiki ile Ramzi alipoishusha saa ya ukutani. Ilikuwa ya marehemu Babu Abdulatif, babu yake Rehana, fundi saa wa kutoka Lamu aliyekuwa na duka mlemle. Mzee aliiweka kwa hesabu ya Kiswahili, kwamba jua likizama iwe kumi na mbili na nusu, na kila jioni aliitia ufunguo. Ramzi aliona inawachanganya wateja. Akaifunga kwenye gunia, akaisukuma chini ya kitanda cha chumba cha nyuma. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tangu hapo, kila magharibi, kompyuta zote ziliruka hadi 12:30, ambayo kwa hesabu ya kompyuta ni adhuhuri. Alibadilisha betri ya ile kubwa. Wapi!

Jioni hiyo aliichomoa waya ile kompyuta kubwa kabisa. Sasa zile nne hazikuwa na wa kumuuliza...

Zikaruka.

Zote nne. Kwa pamoja.

"Nani anazijibu?" alinong'ona.

Kalondu, jirani aliyeuza mboga nje, alikuwa amesimama mlangoni na kiondo chake.

"Aiya, Ramzi," akasema kwa sauti ya chini. "Huku kwetu mtu akiitwa giza ikiingia, haitiki mpaka ajue ni nani. Hizi mashine zako ziko na shida. Zinauliza tu, na yeyote akijibu, zinaamini."

Ramzi akacheka. Kicheko hakikufika mbali.

Stima zikapotea, duka lote likawa giza.

Ikaja harufu... mafuta ya saa, na karafuu alizopenda kutafuna marehemu. Kisha sauti, kutoka chumba cha nyuma.

Tik... tik... tik...

"Saa ngapi, mjukuu wangu?"

Ramzi alitaka kupiga ukelele. Akapapasa gizani kuutafuta mlango wa chumba.

"Kumi na mbili na nusu, Babu," Rehana akajibu kwa sauti ya usingizi.

Asubuhi, kliniki, muuguzi Syombua alimsikiliza Rehana tumbo huku akitazama saa yake ya mkononi. Akasikiliza tena.

"Moyo wa mtoto wa tumboni hukimbia," alisema polepole. "Huyu anaenda sawa na mshale wa sekunde. Na sasa... anapunguza."

Rehana akaanza kulia. Ramzi hakungoja zaidi. Alikimbia hadi dukani, akalivuta gunia kutoka chini ya kitanda. Saa ambayo hakuna aliyeitia ufunguo ilikuwa inatembea, kwa taabu, kama mgonjwa anayepanda kilima. Akaitia ufunguo mpaka ukakataa, akairudisha ukutani.

Aliporudi kliniki, Syombua alikuwa anajifuta jasho. "Moyo umerudi," alisema. "Unakimbia vizuri. Ulienda wapi wewe?"

Ramzi akauliza kama anaweza kumpeleka mkewe nyumbani.

Maryam, mtoto yule, ana miaka mitatu sasa, mzima, mtundu kupindukia. Kompyuta hazijaachana tena. Kila jioni Ramzi huitia saa ufunguo kwa mkono wake, na hajalala nje ya Machakos hata mara moja. Mamake alipofariki Mombasa, alizikwa bila yeye. Ndugu zake hawajamsamehe, na yeye hajui aanzie wapi kuwaeleza.

Juzi, magharibi, Maryam aliingia dukani kutoka kucheza. Akasimama chini ya ile saa. Mdomo wake ulinukia karafuu, na nyumbani kwao hakuna anayetafuna karafuu.

"Saa ngapi?" akauliza.

Rehana akafungua kinywa kujibu. Ramzi akamziba kwa kiganja, haraka, kwa nguvu.

Mtoto akawatazama wote wawili. Akatabasamu, akauliza tena.