Kura ya Fermín

Kila Ijumaa, tukishakunywa maziwa ya saa nne, darasa letu la tano katika mji wetu wa Vergara lilikuwa na chemsha bongo. Tulifungua kompyuta zetu ndogo, zile ambazo kila mtoto wa shule hupewa na serikali, tukaandika majina yetu kwenye ukurasa wa mwalimu Graciela, na maswali yakaanza kutokea ukutani. Kujibu ilikuwa kubonyeza tu. Hata wavivu wetu hawakukosa shule Ijumaa.

Ijumaa ile haikuwa ya maswali. Tulikuwa tunamchagua atakayebeba bendera ya taifa mwakani kwenye sherehe za shule. Alama zilikuwa zimebakiza wawili, Lourdes na mimi, Yanina, na kwetu alama peke yake hazitoshi. Lazima wenzako wakupigie kura. Bibi yangu aliibeba, mama akaibeba, na bibi alikuwa ameshapiga pasi koti langu jeupe la shule na utepe wake wa buluu kana kwamba nimeshashinda. Jamani, niliitaka sana ile bendera.

Mwalimu akatuambia tufungue ukurasa uleule, kila mmoja aandike jina lake na achague. Yeye angeona waliopiga kura, si nani kampigia nani. Ukutani mistari miwili ikaanza kurefuka. Tulikuwa kumi na wanane, maana Fermín alikuwa kwao na homa. Mistari ikasimama tisa kwa tisa.

Mwalimu akageuka kuandika ubaoni. Hapo ndipo nilipofungua ukurasa upya, nikaandika Fermín, nikabonyeza jina langu. Mstari wangu ukapanda. Darasa likapiga makofi, Lourdes akaja kunikumbatia, nami nikacheka kama sina kosa.

Mwalimu hakupiga makofi. Alisoma orodha yake, kisha akauliza kwa upole Fermín amepigaje kura na hayupo. Halafu macho yote yakaenda kwa Ariel, kwa sababu yeye ndiye fundi wetu, na kompyuta mbovu ya Fermín ilikuwa mkobani mwake ili aitengeneze.

"Si unayo wewe mashine yake?" mmoja akamwambia. "Umetuharibia kura, bwana."

Ariel akasema haiwaki. Hakuna aliyemsikiliza. Mapumziko yalipofika hawakumpa mpira. Nilimwona amekaa kwenye ngazi, anabonyeza kitufe cha ile mashine tena na tena, kumwonyesha kila anayepita kwamba haiwaki. Masikio yakanichoma kwa aibu. Nikisema, bendera imekwenda; nikinyamaza, Ariel ataitwa mwizi wa kura mpaka amalize shule.

Nikarudi darasani. Mwalimu alikuwa peke yake, anamimina maji ya moto kwenye kibuyu chake cha kunywea chai.

"Mwalimu, si Ariel. Ni mimi."

Akaweka kibuyu chini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniambia kwamba pale ubaoni alikuwa anaanza kuandika tangazo: kura ibaki wazi mpaka Jumatatu, Fermín arudi aikamilishe. Mimi nilikuwa sijainua macho hata mara moja.

Wenzangu waliporudi, nikasimama mbele ya wote nikasema nilichofanya, nikamwomba Ariel msamaha. Jina langu likafutwa, bendera ikawa ya Lourdes. Nyumbani bibi aliposikia alikaa kitini. Halafu akaniambia siku ya sherehe koti nitalivaa hivyohivyo, niende nikampigie mwenzangu makofi.

Jumatatu Fermín akarudi, amekonda. Nikamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Akanitazama.

"Mimi ningekupigia wewe, Yanina," akasema. "Ungeningoja tu."

Nikalia palepale, mbele za watu. Mwalimu alikuwa karibu, akanishika bega.

"Kwenye ule ukurasa mimi sioni nyuso zenu, naona majina tu," alisema. "Ninayaamini kwa sababu ninawaamini ninyi. Fermín alikuwa na sauti yake, Yanina, na wewe ukaisemea uongo kabla hajafungua mdomo. Kuanzia leo andika jina lako tu, hata kama litashindwa."

Ijumaa iliyofuata chemsha bongo ilirudi. Niliandika Yanina, nikawa wa saba.