Sauti ya Muuza Vichujio

"Usipokee, Mama!"

Nilichelewa. Mama Kham alikuwa ameshainua mkonga wa simu.

"Haloo! ... Sitaki. ... Dawa ya magoti? Nani kakwambia magoti yangu yanauma? ... We kijana, magoti yangu yanakuhusu nini?"

Akaubamiza mkonga, akarudi kwenye mkeka akiwa anatweta.

"Wamejuaje magoti yangu, Bua?"

"Wanabahatisha, Mama. Kila mzee ana magoti."

Nilisema hivyo kumtuliza, lakini mimi mwenyewe brashi ilikuwa imeniteleza. Jogoo niliyekuwa namchora kwenye bakuli alishaharibika mkia. Hiyo ndiyo kazi yetu hapa Lampang, kaskazini mwa nchi, tunachora jogoo kwenye mabakuli ya udongo, kiwanda kinakuja kuyachukua. Nyumba ni ya Mama Kham, mama mzazi wa mume wangu Kla. Ile simu ya mezani aliiweka marehemu baba mkwe, na mwaka ule iligeuka mateso. Asubuhi bima, mchana viwanja, jioni dawa. Tulikuwa wanawake wawili peke yetu, na watu tusiowajua walikuwa wanatuita kwa majina.

"Tuikate hii simu," nilimwambia.

"Na Kla akipiga?"

"Hatapiga, Mama."

Alinitazama kwa hasira. Alijua kwa nini nasema hivyo. Kla alikwenda Mae Sot, mpakani, kufuata kazi ya ofisini aliyoiona mtandaoni. Mwezi mmoja tu baadaye nikapata ujumbe: "Bua, nimepata mwingine. Usinitafute." Nilipopiga, namba ilikuwa haipatikani. Tangu siku hiyo nilikuwa nachora jogoo na kumeza machozi.

Simu ikalia tena. Safari hii nikaiwahi mimi, nimejiandaa kutukana.

"Habari za mchana, mteja mpendwa," sauti ya mwanamume ikasema. "Napiga kukueleza kuhusu kichujio cha maji cha kisasa kwa ajili ya afya ya familia yako."

Sauti ile ningeitambua hata katikati ya soko.

"Phi Kla?"

Phi ndivyo nilivyomwita tangu uchumba, kwa sababu amenizidi umri.

Nikasikia amevuta pumzi.

"Ni wewe! Umeniacha kwa ujumbe mmoja, leo unanipigia kuniuzia kichujio? Huna haya? Huyo mwanamke wako ndiye kakutuma?"

"Mteja, umenifananisha..."

"Nimekufananisha! Mimi mkeo nisijue sauti yako?"

Nyuma yake nikasikia mwanamume mwingine, anaongea Kithai kama mgeni.

"Unamjua huyo?"

"Hapana, bosi! Simjui! Amekosea mtu!"

Kikafuata kishindo, kama ubao umepiga nyama. Halafu mume wangu akalia. Simu ikakatika.

Nilibaki nimeshika mkonga sikioni. Mama Kham alikuwa amesimama mbele yangu.

"Bua? Umesikia nini?"

"Mama," nikasema, "Kla hakutuacha. Wamemshika. Na mimi nimemponza."

Tulikwenda polisi mchana ule ule. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, Luteni Orathai, na hakutucheka. Alisema kuna majumba ng'ambo ya mto wa mpakani, watu wanadanganywa kazi, wanafungiwa humo na kulazimishwa kupiga simu za biashara za uongo kutwa nzima. Ukikataa, kipigo.

"Yuko jumba gani?" akauliza.

"Sijui."

"Bila kujua, siwezi kuwaomba wenzetu wa ng'ambo wavunje mlango. Akipiga tena, usimwite jina. Kuwa mteja. Mfanye aongee."

"Na wakimuua kwa sababu yangu?"

"Ndiyo maana nakwambia, usimwite jina."

Kuanzia hapo, sisi tuliokuwa tunaikimbia simu tukawa tunailinda kama mgonjwa. Muuza bima akipiga, roho inaruka. Muuza viwanja, roho inaruka. Mama Kham aliacha kula.

Siku ya tatu akapiga mwanamke mwenye sauti laini kama asali.

"Dada, juzi ulizungumza na kijana wetu. Ulimwita Kla. Kla ni nani?"

Nilijua nikiteleza neno moja, mtu atapigwa.

"Ni mume wangu," nikasema. "Kanikimbia, kaenda kwa mwanamke mwingine. Siku hizi kila mwanamume akipiga simu naona ni yeye. Nisamehe, dada, nadhani nachanganyikiwa."

Nikaanza kulia, na kilio hicho sikukiigiza.

Yule mwanamke akacheka kidogo. "Pole. Wanaume ndivyo walivyo. Basi dada, kichujio unakitaka?"

"Nakitaka. Maji yetu yana kutu. Lakini mpe yule kijana nimwombe radhi, nilimtukana bure. Na mama mkwe wangu ndiye mwenye nyumba, ana maswali mengi. Yule ana subira."

Nikasikia wananong'ona. Halafu pumzi nzito, pumzi ninayoijua.

"Habari, mteja mpendwa."

Sauti ilikuwa imekwaruzika. Niling'ata mkono wangu nisipige yowe.

"Habari, kaka. Unaendelea vizuri?"

"Vizuri, mteja. Mteja, nyumbani mko wangapi, nijue ukubwa wa kichujio?"

"Tuko wawili. Namngoja wa tatu."

"Bado unamngoja?"

"Bado. Sitaki mwingine."

Nilimsikia akimeza mate.

"Basi nitakupa kikubwa, mteja."

Mama Kham akanipokonya mkonga. Nilijaribu kumzuia, akanisukuma kwa kiwiko.

"We kijana!" akafoka kwa lugha yetu ya kaskazini, ile wanayoongea wazee. "Hicho Kithai chako cha redioni sikielewi. Ongea kama watu wa huku, au niache nikalale!"

Nikasikia yule bosi akiuliza kwa ukali, "Anasema nini?"

"Bibi haelewi Kithai cha mjini, bosi. Anataka nimweleze kwa lugha ya kwao. Bibi ndiye mwenye uamuzi."

"Haraka!"

Ndipo Kla akaanza kumweleza mama yake, kwa sauti ile ile ya kuuza, kwa lugha ya kaskazini. Nilibandika sikio langu kwenye mkonga.

"Bibi, kichujio kimekaa kando ya mto, kusini ya daraja. Kuna kiwanda cha barafu kilichokufa, kichujio kiko nyuma yake. Kina paa jekundu, ghorofa nne. Ndani kuna watu wengi sana, bibi, wengine wagonjwa. Mwisho wa mwezi kinahamishwa mbali."

"Kina ufa?" Mama akauliza.

"Mkono mmoja umevunjika. Kinafanya kazi bado."

"Ghali hicho! Mwizi mkubwa wewe!"

Ghafla sauti ikabadilika. Bosi alikuwa ameichukua simu.

"Bibi," akasema polepole. "Una mtoto wa kiume?"

Nilimwona Mama Kham akifumba macho.

"Nilikuwa naye," akajibu kwa Kithai kibovu. "Alikufa."

"Alikufa?"

"Alikufa, nikamchoma hekaluni, majivu nikamwaga mtoni. Wewe unataka kumuuzia kichujio na yeye? Mbwa wewe! Watu wazima mnasumbua wajane! Sinunui tena! Usipige hapa!"

Akakata. Akakaa sakafuni katikati ya mabakuli, mikono kichwani.

"Nimemwombea kifo mwanangu," akasema. "Kwa mdomo wangu, Bua. Na yeye anasikia."

Nilimkumbatia. Halafu nikampigia Luteni Orathai.

Baada ya hapo simu haikulia kabisa, kana kwamba namba yetu imefutwa kwenye kila orodha. Nyinyi mnaosumbuliwa na wauzaji mtadhani hiyo ni heri. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Kila nikipita karibu na simu nainua mkonga kuhakikisha haijafa.

Ilipolia, ilikuwa sauti ya luteni.

"Jumba limefunguliwa leo alfajiri. Watu wamevushwa mto. Njooni Mae Sot."

"Yuko hai?"

"Kuna mmoja amefungwa mkono shingoni, anamuulizia mke anayeitwa Bua."

Tulimkuta kwenye ukumbi wa shule, amekaa kwenye benchi, amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Mama alimfikia kwanza. Akampiga kofi kwenye bega lisiloumia, halafu akamshika uso.

"Nilikusikia ukisema nimekufa," Kla akasema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulivyomtukana yule bosi, Mama, ndipo nilipojua nitatoka."

Kisha akanitazama mimi, na sikuona furaha usoni mwake. Niliona woga.

"Ule ujumbe waliandika wao, Bua. Uliuamini?"

Ningeweza kudanganya. "Niliuamini, Phi. Nikakuchukia."

Akaitikia kwa kichwa. "Namba ya nyumbani ndiyo pekee niliyoikariri. Nikaichomeka kwenye orodha yao. Nilitaka nikusikie useme haloo tu, hata kama baada yake ni matusi." Akainamisha kichwa. "Lakini sijawa mtu mzuri mle ndani. Kuna bibi mmoja wa mkoa wa Nan nilimuuzia kitu ambacho hakipo. Akanishukuru. Akanibariki, Bua. Kwa sauti hii hii."

"Mwambie luteni kila kitu. Huyo bibi tutamtafuta pamoja. Mimi nitakaa pembeni yako."

"Hata baada ya haya?"

"Nilikwambia sitaki mwingine. Hukusikia?"

"Nilidhani unaigiza."

"Na hata ningetaka, Phi, nani angekubali kuishi na mama yako?"

Mama Kham akageuka. "Unasemaje, we binti?"

Kla akacheka. Katikati ya kicheko sauti ikamkatika, akaanza kulia kama mtoto, na mimi nikamshika mkono wake mzima nikalia naye.